Nambari Itoke Mdomoni

"Pitisha kidole polepole, mama. Usiruke."

"Siruki. Hapa pana fimbo imesimama peke yake."

"Na fimbo tulisema ni ngapi?"

"Moja."

"Haya, songa mbele."

Upepo ulivuma ndani ya simu. Mama Saturnina Ccorahua alikuwa amepanda kilima kilicho juu ya kijiji cha Pampaqocha, kwa kuwa huko ndiko simu ilikoshika mtandao, akachuchumaa nyuma ya ukuta wa zizi ili upepo usimpokonye maneno. Macho yake yalikwisha kuharibiwa na moshi wa jikoni. Hata yangekuwa mazima yasingemsaidia, maana hakuwahi kukaa darasani. Noti alizijua kwa rangi, sarafu kwa uzito. Kadi ya benki, ile waliyopewa wazee kwa ajili ya pensheni ya serikali, aliijua kuwa kitu cha kumpa mwenye duka siku ya malipo, naye huipitisha kwenye kimashine chake na kumrudishia pamoja na hela.

Sasa alikuwa akiipapasa. Nambari zilichomoza kidogo juu ya plastiki, naye alizigusa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayetafuta mwiba mguuni mwa mtoto.

"Hapa pana mwanamke amejifunga mshipi."

"Mviringo juu, mviringo chini?"

"Ndiyo huyo. Kanenepa kunishinda." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Nane."

Nélida, msichana wa kuuza huduma ya mazishi kwa simu, akaandika nane. Jasho lilimtoka kwapani ingawa Lima ilikuwa katika baridi yake, na dirisha nyuma ya kiti chake halikuonyesha jengo wala barabara, ukungu tu, mweupe mchafu kama maji ya kuoshea vyombo. Saa ya simu kwenye kona ya skrini ilikuwa imegeuka nyekundu kitambo. Kwenye meza ya jirani Dayana, aliyewauzia watu wa pwani kwa Kihispania na kuwamaliza haraka kama mtu anayemenya maharage, alimsukuma kwa kiwiko.

"Unauza au unachumbia?" alinong'ona.

Nélida hakugeuka. Kama angekosea tarakimu moja, benki ingeirudisha nambari ile, kampuni ingemkata mshahara, na mwisho wa mwezi mkataba wake usingeandikwa upya. Mikataba yote ya pale iliandikwa kwa mwezi. Tayari zilikuwa zimemrudia nambari nyingi. Wazee wa milimani walimtajia chochote kilichowajia kinywani, au walimwita mjukuu aliyesoma kadi akiwa ameishika juu chini. Naye hakuruhusiwa kuwasaidia. Sheria ya kampuni ilikuwa imebandikwa juu ya kila skrini: nambari itoke mdomoni mwa mteja. Kwa asiyejua kuandika, kuisoma nambari yake kwa sauti ndiko kutia sahihi. Sauti ikisharekodiwa, amekwisha kununua.

Ndipo siku hiyo, baada ya Mama Saturnina kumwambia kwa aibu kwamba yale makunyanzi ya kwenye kadi hayajui, Nélida alimuuliza yamekaaje. Wakaanza kuyapa majina, hao wawili, mmoja kilimani na mmoja ghorofani. Sifuri ikawa yai. Mbili ikawa bata wa ziwani. Tatu, sikio la kondoo lililokatwa alama. Saba, jembe la mguu. Tano ilimchekesha Mama Saturnina kuliko zote: mjamzito aliyevaa kofia.

"Kile kipande cha chuma cha kwenye kadi kiko mkono gani, mama?"

"Mkono wa moyo."

"Vizuri. Soma tena zote tangu mwanzo, ili tuhakikishe."

Akasoma tena. Hakukosea hata moja. Nélida akabonyeza kitufe cha mwisho, na ndani ya simu ikatoka sauti ya mwanamume iliyorekodiwa, kwa Kihispania, ikikimbia kama mtangazaji wa mpira.

"Huyu naye anasema nini?" aliuliza Mama Saturnina.

"Ni maneno ya kisheria, mama. Akimaliza useme ndiyo."

"Mbona anakimbia hivyo? Anafukuzwa?"

Mwanamume akamaliza. Mama Saturnina akasema ndiyo.

"Na hilo sanduku la kuzikiwa," akaendelea, sauti yake sasa imeshuka, "ni la mbao? Siyo mbao za makreti ya nyanya?"

"La mbao, mama."

"Mzee wangu tulimzika na blanketi la farasi. Huku ardhi ina mawe. Nikilala nakumbuka yale mawe."

"La mbao kabisa," Nélida alisema. "Lenye vishikio."

Upepo ulipita kati yao. Kisha mwanamke yule akavuta pumzi ndefu.

"Miaka sabini na minane nimeishi," alisema. "Leo nimesoma."

*

Injinia alikuwa amesikia yote. Kila mtu alimwita Injinia, ingawa hakuna aliyejua amejenga nini. Jina lake lilikuwa Renzo, alivaa fulana ya sufu yenye zipu juu ya shati, na alikaa ndani ya chumba cha vioo katikati ya ukumbi, mahali ambapo angeweza kuiingilia simu ya yeyote. Akiingia, ulisikia *tik* ndogo sikioni, kama ukucha juu ya bati. Kutoka kwenye meza yake angeweza pia kuandika kwenye skrini yako, au kukuzima mdomo ukabaki unasema peke yako, na mteja asisikie kitu. Wasichana walilifanyia mzaha. Mtu akipayuka wakati wa kula, walimwambia: subiri Injinia akuzime.

"Malkia wangu," alimwambia Nélida. "Sikuelewa neno hata moja la Kikechua chenu cha milimani, lakini nambari imepita benki mara ya kwanza. Umefanyaje?"

Akamweleza, akitazama viatu vyake. Injinia alimwambia arudie sehemu ya bata. Kisha akampigia simu mtu, akicheka, akamsimulia na yeye habari ya bata.

Wiki iliyofuata palibandikwa karatasi kubwa yenye picha za rangi: fimbo, yai, bata, mwanamke wa mshipi. Chini yake paliandikwa jina la kampuni. Wakaletwa wasichana wapya. Walitoka masokoni na kwenye majiko ya watu, wengi wao wameletwa Lima wakiwa wadogo na mama wa ubatizo aliyeahidi shule, kama Nélida mwenyewe alivyoletwa. Mama yake wa ubatizo alimsomesha mpaka darasa la tano, mwaka ule akajifungua mapacha, na Nélida akabaki nyumbani na nepi. Hapa hakuna aliyewauliza vyeti. Walitakiwa tu kukijua Kikechua kile ambacho kwa miaka walikificha midomoni wakipanda basi.

Nélida akawa mfundishaji. Hakuwahi kusimama mbele ya watu. Siku ya kwanza sauti yake haikufika safu ya pili, lakini hakuna aliyemcheka, na baada ya muda alianza kuamka na hamu ya kwenda kazini. Alinunua viatu. Asubuhi, kwenye mkokoteni wa chai ya dawa za majani uliokaa mlangoni, muuzaji alimwita mwalimu na kumjazia glasi mpaka ukingoni.

Mashine ya kupanga simu ilimrudishia Mama Saturnina siku moja, kwenye simu za kuuliza kama mteja ameridhika. Mashine ndiyo iliyochagua; wao waliona jina na umri tu, nambari ya simu ilifichwa.

"Wewe ni yule wa bata," Mama Saturnina alimtambua kabla hajamaliza salamu. "Umekula, mwanangu? Huko kumenyesha?"

"Lima hainyeshi, mama."

"Hainyeshi? Basi viazi mnavilima kwa mate?"

Akamuuliza kama ameridhika. Mwanamke akasema pensheni imeng'atwa, ndiyo. Mwenye duka alimpa pungufu, karibu robo nzima, Mama Saturnina akafikiri ni mwizi, akamtukana mbele ya watu, mpaka yule bwana akampigia hesabu. Basi mwezi huo hakununua sukari wala mafuta ya kupikia.

"Lakini sinung'uniki. Kila wakikata, najiambia, huo ni ubao mmoja. Wameshakata ubao wa chini, sasa wanakata wa ubavuni." Akashusha sauti kama mtu anayetoa siri tamu. "Na nimewafundisha wenzangu. Paulina anasoma. Kumi na moja wa wajane wenzangu wanasoma. Tunapanda huku na sufu zetu, tunasokota, kila mtu anatoa kadi yake. Paulina alikuwa anachanganya ndoano ya juu na ndoano ya chini, yaani sita na tisa. Nimempiga kofi mkononi, sasa hachanganyi."

Nélida alicheka kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya kazini. *Tik*, sikioni. Akaacha kucheka.

*

Miongoni mwa wasichana wapya alikuwamo Vilma, mwembamba, anayeuliza maswali akiwa amefunika mdomo kwa mkono. Alikuwa amewahi kufua nguo za watu katika mtaa wa Ate. Siku ya mazoezi alibaki nyuma wenzake walipotoka kwenda kula.

"Dada Nélida, huyu bwana wa mwisho. Anayekimbia."

"Ana nini?"

"Wazee wananiuliza anasema nini. Naona aibu kuwaambia sheria, sheria. Nimefikiri ungenitafsiria, nikariri kwa Kikechua, niwe nawaambia."

"Wazo zuri," alisema Nélida. Akafungua ile sauti, akaipunguza mwendo.

Alikuwa ameisikia kila siku, kila mara, mpaka ikawa kama kelele ya friji. Sasa alianza kuitafsiri kipande kwa kipande, Vilma akirudia nyuma yake. Mteja anakubali kukatwa kwenye akaunti ya pensheni. Mteja anakubali kwamba malipo hayarudishwi. Mteja anakubali kwamba huduma ya mazishi haimhusu mtu aliyekwisha kutimiza miaka sabini na mitano siku ya...

Akanyamaza.

"Haimhusu nani?" aliuliza Vilma.

Nélida akairudisha nyuma. Akaisikiliza tena, na tena, kwa mwendo wa chini kabisa, mpaka sauti ya yule mwanamume ikawa nzito kama ya mlevi. Maneno yalikuwa yaleyale.

"Dada?"

"Nenda kale," Nélida alisema. "Tutaendelea kesho."

Hawakuendelea. Kesho yake Vilma hakuwapo kwenye safu. Alikuwa ndani ya chumba cha vioo, kwenye kiti kipya kando ya meza ya Injinia, hedifoni kichwani, kalamu mkononi. Alipoona Nélida anamtazama, alijifanya anapanga karatasi.

Nélida alivumilia siku kadhaa. Jina likitokea kwenye skrini aliutazama umri kwanza. Themanini na mmoja. Sabini na tisa. Themanini na minne, na huyo mzee alimwambia kwa furaha kwamba yeye mwenyewe alikuwa fundi seremala zamani na angependa kulikagua sanduku kabla hajalala ndani. Alimkatia simu mzee yule akisingizia mtandao. Mashine ikampa mwingine.

Ijumaa akagonga kioo.

Injinia alikuwa anakula mkate wenye viazi vitamu vya kukaanga. Alimwonyesha kiti. Vilma alikuwa pale pale, amejikunja juu ya skrini yake.

"Injinia, ni kuhusu ile sauti ya sheria."

"Imekwama tena?"

"Haijakwama. Inasema waliofikisha sabini na mitano hawazikwi."

"Watazikwa, malkia. Kila mtu huzikwa." Akafuta kidole. "Inasema hatuwaziki sisi."

"Karibu wote wamepita umri huo."

"Wa sitini na mitano bado wako shambani, hawapokei simu. Nifanye nini?"

Nélida alibaki amesimama.

"Basi wanalipia nini?"

"Wanalipia walichokikubali. Wewe ile sauti umeisikia mara nyingi?"

"Kila siku."

"Na Kihispania unakijua."

"Nakijua."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Sikuwa nasikiliza, Injinia."

"Haya. Wao walisikiliza wakasema ndiyo, wewe mfundishaji hukusikiliza. Unataka nimfokee nani?"

"Labda warudishiwe."

Injinia akauweka mkate chini. Hakupandisha sauti, ndiyo kwanza aliilainisha, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Nikuambie itakavyokuwa. Mtu wa serikali anakuja, anataka rekodi. Anazifungua moja moja. Anasikia sauti ya nani? Siyo yangu, mimi hata kusalimia kwa lugha yenu sijui. Anamsikia msichana mwenye sauti tamu akimwambia bibi kizee: la mbao kabisa, mama, lenye vishikio." Akageuza kichwa. "Ndivyo alivyosema, Vilma?"

Vilma aliitikia kwa kichwa bila kuinua macho.

"Vishikio. Nimevitafuta kwenye maandishi tuliyokupa, havimo. Ulivitoa wapi?"

Nélida alikumbuka upepo, na lile blanketi la farasi, na jinsi neno lilivyomtoka lenyewe, kama mtu anayemmiminia mgeni supu zaidi.

"Sijui," alisema.

"Mimi nakutetea hapa. Wapo wakubwa wanaouliza kwa nini simu zako ni ndefu. Nawaambia, huyu ndiye aliyetufundisha. Usinifanye nionekane mjinga." Akauchukua mkate wake. "Jumatatu tunaanza mpango wa familia. Wateja walioridhika wanasaini tena, mkato wa pili, na wanatuletea majirani. Yule wa kwanza wako, yule wa kijiji cha wajane, atakuwa mfano. Nataka umpigie wewe mwenyewe."

"Mkato wa pili kwa sanduku lilelile?"

"Kwa familia."

"Hana familia, Injinia. Wamebaki wajane."

"Basi watakuwa familia," Injinia alisema.

*

Jumamosi na Jumapili alikaa chumbani kwake kwenye kilima cha San Juan, akiangalia paa la bati likitoa jasho. Hakuwa na nambari ya simu ya Mama Saturnina. Pampaqocha hakuwahi kufika. Ilikuwa juu mkoani Ayacucho, mwendo wa mabasi mawili na lori, na nauli ile ilikuwa kodi ya chumba. Alifikiria kuandika barua, kisha akawaza nani angeisoma, na kwa nani. Alichoweza kufanya ni kuingoja Jumatatu. Alifanya mazoezi ya maneno kwa sauti, akiwa peke yake. Mama, sanduku halipo. Umri wako umepita. Nenda kwa mwenye duka, mwambie akupeleke benki, wafunge mkato. Mama, usimsomee mtu yeyote ile nambari, hata mimi. Kwa Kikechua yalikuwa maneno machache. Yangesemwa kabla Injinia hajafunga zipu ya fulana yake.

Jumatatu jina likatokea. Saturnina Ccorahua, umri sabini na minane. Nélida akatazama kioo. Injinia alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Vilma, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti.

"Nani?"

"Ni mimi, mama."

"Wa bata," Mama Saturnina aliwatangazia watu, na nyuma yake sauti nyingi za wanawake zilipiga kelele za salamu. Walikuwa wamemwekea simu kwenye spika. Mbwa alibweka. "Tuko wote huku. Nilijua utapiga, nimeota kondoo mweupe. Umekula?"

"Nimekula. Mama, nisikilize. Nina jambo la kukuambia na usubiri nimalize."

*Tik.*

"Tunakusikiliza."

Alikuwa ameyapanga maneno, lakini la kwanza halikutoka. Ili aliseme ilikuwa lazima aseme pia nani aliyemwahidi. Akaanza na la mwisho.

"Ile nambari ya kadi, usimsomee mtu. Akikupigia yeyote, kwa jina lolote, usisome. Hata mimi nikikuomba."

Kicheko kikaanza kwa mmoja, kikaenea.

"Anatupima," alisema mwanamke mmoja.

"Kama mwalimu wa kweli," alisema mwingine. "Anataka kuona kama tumesahau."

"Sijasahau mimi," Mama Saturnina alisema, na sauti yake ilikuwa imeumia kidogo. "Unafikiri nimesahau, mwanangu? Nalala nayo."

"Siwapimi, mama. Sanduku halipo. Lile sanduku, halipo, wamesema wenye umri wako hawapewi, mimi sikujua, nenda kwa mwenye duka—"

"Halo?" alisema Mama Saturnina. "Halo? Umepotea."

"Niko hapa, mama. Nimesema sanduku halipo."

"Shika simu juu zaidi," mtu alishauri kule. "Upepo."

"Halo?"

Nélida aliitazama skrini. Alama ndogo ya kipaza sauti, iliyokuwa ya kijani, ilikuwa imepigwa mstari. Aliibonyeza. Aliibonyeza tena. Alisimama, waya wa hedifoni ukamvuta shingo, akasema jina la mwanamke yule kwa sauti iliyowafanya watu wa safu tatu wageuke. Dayana alimtazama, kisha akayarudisha macho kwenye kazi yake.

"Halo, mama, samahani," ilisema sauti sikioni mwake, kwa Kikechua laini, karibu ya kunong'ona. "Mtandao. Endelea, nakusikiliza."

Nyuma ya kioo midomo ya Vilma ilikuwa inatembea. Macho yake yalikuwa kwenye meza. Mkono wa Injinia ulikuwa umehama kutoka mgongo wa kiti, umekaa begani kwake.

"Mbona sauti yako imebadilika?" Mama Saturnina aliuliza.

Nélida aliona Vilma ameziba mdomo kwa mkono, kama alivyozoea anapouliza maswali, kisha akauondoa.

"Ni mafua, mama."

"Pole. Hiyo ni baridi ya huko isiyo na mvua. Chemsha majani ya mkalitusi, jifunike shuka kichwani, uvute ule mvuke mpaka utokwe na jasho. Usinywe kitu cha baridi. Umesikia?"

"Nimesikia, mama. Asante."

"Haya. Ulikuwa unasema?"

"Nilikuwa nawaambia habari ya mpango wa familia. Lakini kwanza nilitaka kusikia kama bado unasoma."

"Huyu mtoto," alisema Mama Saturnina kwa wenzake. "Nyamazeni. Paulina, mshike mbwa."

Nélida alikaa. Aliondoa mikono yake kwenye vitufe, akaiweka mapajani, akaikunja. Kule kilimani mwanamke alisafisha koo, na akaanza. Hakutaja tena fimbo wala yai. Alikuwa amevuka hatua hiyo, alisema nambari tupu, moja baada ya nyingine, kwa sauti kubwa ya mtu anayesimama kanisani, bila kusita popote. Na kwenye skrini, mbele ya Nélida aliyekuwa hagusi kitu, tarakimu zilianza kujitokeza zenyewe. Moja. Nane. Sifuri. Kila alipoitaja ilikuwa tayari imefika. Mstari ukajaa, ukageuka kijani.

Yule mwanamume wa sheria akakimbia maneno yake. Mama Saturnina akamsubiri kwa heshima, akasema ndiyo.

"Sawasawa?" akauliza. "Nimekosea mahali?"

"Hujakosea hata moja, mama," ilisema sauti ya Vilma.

Wanawake wakashangilia. Mtu alipiga makofi. Kisha ikasikika simu ikipitishwa kutoka mkono hadi mkono, sufu ikisugua kwenye spika, na pumzi ya mtu mwingine, aliyepanda mlima kwa shida, ikikaribia.

"Mimi ni Paulina," ilisema pumzi hiyo. "Nianze?"